Viti vya Wazee Vilivyochemsha Maji

Soma hadi mwisho, kisha itupie kwenye kikundi cha usharika wenu. Mwenyekiti akikuondoa kikundini, ujue imefika.

Kulikuwa na usharika mmoja milimani, huko ambako viazi vinakubali na ajira zinakataa. Siku moja ikatangazwa nafasi ya katibu wa vijana. Nafasi moja tu, yenye mshahara, ya kwanza kwa miaka saba. Wakaomba wengi, wakachujwa, wakabaki wawili, wote wana digrii.

Wa kwanza aliitwa Ambilikile, mpwa wa mwenyekiti wa baraza la wazee. Najua umeshaguna. Vumilia.

Wa pili aliitwa Tusekile, binti wa mama mkulima wa viazi. Alikuwa amehitimu ualimu miaka minne nyuma, na vyeti vyake vilishaanza kuota ukungu ndani ya bahasha. Kila alikokwenda aliulizwa, "Una experience?" Kana kwamba experience inauzwa gengeni.

Mwenyekiti, Mzee Mwasongole, akatoa mtihani.

"Vijana wa leo mnaiga wacheza mpira," alisema. "Hamna role model. Someni maisha ya Wakristo waliotutangulia. Baada ya wiki mbili kila mmoja atasimama mbele ya usharika, atusimulie maisha ya mtu mmoja anayetaka kumfuata. Atakayetugusa, kazi ni yake."

Wazo zuri, siwezi kulibeza. Shida ni kwamba vitabu vyenyewe vilifungiwa kwenye kabati la kioo ofisini, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mwenyekiti. Miaka yote hiyo vilifutwa vumbi kwa nje.

Tusekile akaenda kuuomba.

"Vile ameazima Ambilikile," alisema Mzee Mwasongole.

"Vyote, baba?"

"Ni msomaji. Wewe soma hiki." Akampa kitabu cha maisha yake mwenyewe, jaladani kuna picha yake ameshika Biblia na miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Nakala zake zililetwa kanisani kila Jumapili kama sadaka. Kwao, kuku na ndizi zinazotolewa sadaka hunadiwa nje baada ya ibada, na kitabu hicho nacho kilinadiwa, watu wakipandishiana bei huku wakimtazama mwenyekiti kama anawaona.

Sasa sikiliza. Tusekile alikisoma kwa moyo safi. Alipofika sura ya nne, akalia. Humo mzee alieleza mwaka wa kipindupindu, jinsi alivyobaki peke yake na wagonjwa, akawalaza kanisani, na kuni zilipokwisha akachoma kiti chake mwenyewe ili achemshe maji.

"Mama, nimempata mtu wa kumfuata," alisema Tusekile nyumbani.

Akataka kumsimulia vizuri zaidi ya alivyojisimulia. Akataka majina ya wale wagonjwa. Na majina alijua yalipo. Katika usharika ule mtu akifa, wasifu wake husomwa kabla ya mahubiri, kisha nakala hugongwa mhuri, husainiwa na katibu wa usharika na kuwekwa kwenye faili. Faili hazifungiwi. Nani aibe marehemu?

Akasoma siku tatu. Wasifu zote zilikuwa pacha. Marehemu alikuwa mcheshi, marehemu alikuwa mkarimu, marehemu alipenda watu wote. Hata yule aliyemtimua mkewe kwa panga alikuwa mcheshi. Ndipo akakuta nusu karatasi ya mfagizi wa kanisa, Atuganile, imeandikwa na dada yake.

Akaisoma mara mbili. Akaenda nayo nyumbani.

Mama yake aliisikiliza huku akimenya viazi. Akasema, "Mwanangu, simulia kile kitabu upate kazi. Ukweli utausema ukishakuwa na mshahara."

"Mama, wote walioko pale mbele walisema hivyohivyo."

Jumapili ikafika. Ambilikile alianza. Suti, tai, sauti ya redio. Alimsimulia mjomba wake, sura ya nne yote, hadi ukakiona kiti kinaungua. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kupigwa picha.

Tusekile akasimama na ile nusu karatasi.

"Mimi nimemchagua Atuganile, aliyekuwa anafagia hapa. Nasoma kama ilivyoandikwa." Akasoma:

"Mwaka wa kipindupindu wazee wa kanisa walikwenda mjini hadi ugonjwa ulipopita. Marehemu alibaki na funguo. Alilaza wagonjwa arobaini na mmoja humu ndani. Kuni zilipokwisha, alichoma viti sita vya wazee, akachemsha maji. Wazee waliporudi walimtenga na meza ya Bwana kwa kuharibu mali ya kanisa. Alitengwa miaka tisa. Aliendelea kufagia. Alirudishwa kundini siku tatu kabla ya kufa. Kuhusu viti, hakuomba radhi."

Watu wakageuka kutazama viti vya wazee.

"Hizo ni hadithi za wanawake," alisema Mzee Mwasongole bila kuinuka. "Nani alithibitisha?"

"Imesainiwa na katibu wa wakati huo, baba." Akampelekea Mchungaji ile karatasi.

Mchungaji akaivutia karibu na macho. "Mzee, jina hapa ni lako. Sahihi ni yako?"

"Inafanana."

"Sikuuliza inafanana na nini."

"Siku zile nilisaini mambo mengi, Mchungaji. Nani alikuwa anasoma?"

Nyuma, kwenye kundi la tarumbeta, mwanamume mmoja akaweka chombo chake chini. "Mimi nilikuwa mgonjwa wa tatu kutoka mlangoni," alisema. "Nilikuwa na miaka sita. Yale maji yalinuka vanishi ya viti. Nayakumbuka mpaka leo."

Utadhani Tusekile alipata kazi. Nani kakwambia? Jumanne alipokea barua: "Hukufuata maelekezo. Uliagizwa maisha ya mtumishi, ukaleta ya mfagizi." Imesainiwa na mwenyekiti. Yule hachoki kusaini. Ambilikile akakabidhiwa ofisi, na pamoja nayo lile kabati la kioo. Mchungaji akasema ataliombea jambo hilo. Mpaka leo analiombea.

Hakuna usiku uliopita bila mama yake Tusekile kusaga meno. Lakini hakusema, "Nilikwambia."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, watu walitoka nje kwenda kwenye mnada kama kawaida. Mnadi akainua kitabu cha mwenyekiti. Mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma.

"Maisha ya mzee wetu. Nani anaanza?"

Watu wakatazama viatu vyao.

"Jamani, nani anaanza?"

Bibi mmoja akaegemea fimbo yake. "Mwanangu, weka chini hicho. Tunadie jogoo."

Jogoo akagombewa. Kitabu kikabaki juu ya meza, kikaanza kunyeshewa, na mwenyewe akakichukua akakiingiza ndani ya koti.

Jioni ile yule mpiga tarumbeta alibisha hodi kwa kina Tusekile, amemshika mkono mama yake mzee.

"Mwalimu," alisema, "mwandikie huyu wasifu wake angali hai. Na yale mabaya yake uyaandike, tunayajua."

"Uanze na ulimi wangu," alisema yule mama, akavuta kigoda.

Funzo: Ukitafuta Mkristo wa kumwiga, soma maisha yake mpaka ufike mahali ambapo imani ilimgharimu kitu. Usipopaona, funga kitabu, ukaulize nani alikuwa anafagia.