Kwa Nini Anayeanguka Kwenye Sinema Huinuka

Zamani hizo picha zilikuwa hazijajifunza kutembea. Aliyechorwa amekaa, alikaa. Aliyechorwa akianguka, hakufika chini. Nyinyi mnaovunjika mbavu mbele ya sinema, tulieni niwaambie kicheko hicho kilikotoka.

Huko Tanga palikuwa na mchoraji, Mwinjuma, aliyeuza kadi za posta za kuchekesha, za watu wanaooga baharini. Siku moja Mhina, muoka mikate, mtu wa heshima zake na kitambi chake, alibanwa kidole cha mguu na kaa pale ufukweni. Mwinjuma alikuwa anatazama. Kufikia alasiri kadi ilikuwa tayari: Mhina yuko hewani, miguu juu, kofia imeruka, kaa ananing'inia kidoleni. Watu waliigombania. Ilifika Pangani, ikafika Unguja, ikafika hata kwa wakwe zake.

Masikini Mhina. Akipita sokoni, watu walitazama juu, kana kwamba bado yumo hewani. Aibu ikamla, akajifungia ndani, tanuri likapoa.

Mkewe, Bi Mwanakombo, hakuwa mtu wa kulialia. Alimwendea mchoraji moja kwa moja.

“Mume wangu umemrusha wewe,” alimwambia. “Sasa mteremshe.”

Mwinjuma aliona haya. Alichora kadi ya pili, Mhina akitua majini, na ya tatu, akisimama. Hazikununuliwa, kila mtu alitaka ile ya hewani. Ndipo alipomkumbuka mgeni mmoja mwenye sanduku la kupigia picha, lenye mkono wa kuzungusha; ukizungushwa, picha hutembea. Yeye na Bi Mwanakombo wakamwomba Mhina aanguke tena. Alikataa siku tatu. Ya nne akatoka, akamkabili yule mgeni.

“Nitaanguka,” alisema. “Ila usiache kuzungusha mpaka nisimame.”

Akapigwa picha pale ufukweni, kisha usiku shuka jeupe la kuonyeshea likatundikwa ndani ya ghala, madirisha yakafungwa. Pale kwenye shuka Mhina akaanguka, watu wakacheka mpaka machozi. Kisha akainuka, akajikung'uta mchanga, akamtia kaa kofiani, akashika njia ya nyumbani kwenda kumpika. Ghala zima likampigia makofi. Kesho yake mji ulikula mikate ya moto.

Na tangu siku hiyo, anayeanguka kwenye sinema ya kuchekesha huinuka, akajipangusa, akaenda zake. Ndiyo maana tunamcheka kwa moyo mweupe: tunajua hakuna atakayeacha kuzungusha kabla mwenzetu hajasimama.