Bado Jicho

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmelazimishwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Palikuwa na jiwe, jiwe lina picha, na picha haina jicho. Anayetaka kujua kwa nini, anyamaze. Wewe mwenye muhogo, tafuna taratibu.

Zamani hizo aliishi Bi Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, hana hata mkia. Kazi yake kuchora. Alisaga ngeu, ule udongo mwekundu, akatafuna ncha ya kijiti ikawa brashi, akamkalisha mtu mbele yake, akamchora ukutani mwa jabali: swii, swii, swii. Alimchora Kobe. Alimchora Nungunungu. Wote aliwaambia neno moja tu: "Tulia."

Sasa hapo majabalini alikuwapo Chui. Mlafi huyo! Alikula pimbi mmoja, akala wa pili, akala ukoo mzima, akabaki Bi Pimbi na mwanawe mchanga, aliyemficha kwenye ufa wa jiwe. Siku moja Chui akaja, akaziba njia.

"Leo nakula mama na mtoto."

"Sawa, Bwana Chui," akasema Pimbi. "Lakini ukinila, nani atakuchora? Kobe yumo ukutani. Nungunungu yumo. Wewe humo."

Chui akatazama ukuta, akamwona Kobe. Wivu ukamkaba.

"Kobe! Na sura ile! Nichore na mimi, na madoa yangu yote. Naapa kwa madoa haya, sigusi nyama mpaka unimalize. Ukinimaliza tu, na mimi nakumaliza."

"Tulia, basi."

Swii, swii, swii.

"Umenimaliza?"

"Bado. Umepumua, madoa yamehama. Naanza upya."

Jua likachwa, jua likachomoza. Tumbo la Chui: nguru, nguru, nguru.

"Umenimaliza?"

"Bado. Tumbo limenguruma, madoa yamehama. Naanza upya."

Jua likachwa, jua likachomoza. Siku zikapita hivyo hivyo. Chui amekonda, mbavu nje, na kiapo ni kiapo.

Mnacheka? Chekeni mapema.

Maana kuchora ni kutazama, jamani. Pimbi hakuwahi kumtazama Chui; maisha yake yote alikuwa akimkimbia. Sasa akamwona. Akaona kovu puani. Akaona sikio lililochanika, na masharubu ya upande mmoja yamekatika. Akaona anavyojikaza asipepese macho, ili atoke vizuri kwenye picha. Huruma ikamwingia Pimbi, na hakuiita.

"Bi Pimbi," akasema Chui, sauti imekwisha, "unajua hakuna aliyewahi kunitazama hivi? Wote wakiniona ni mbio. Mama yangu tu ndiye aliyenitazama, na aliniacha ningali mdogo."

Brashi ikasimama. Pimbi alitaka kumwambia, nenda kanywe maji, nenda zako. Neno likamfika mdomoni. Mara mtoto akalia kwenye ufa, nyii! Na Chui, na hali ile ile, akalamba midomo.

Pimbi akalimeza lile neno.

"Umenimaliza?" akauliza Chui.

"Bado jicho," akasema Pimbi, machozi yanamtiririka. "Tulia."

Chui akatulia. Akatulia. Akatulia moja kwa moja.

"Bwana Chui?"

Akamgusa sikio lile lililochanika. Baridi.

"Nimekumaliza," akasema Pimbi, na wa kumjibu hayupo.

Lile jicho hakulichora. Aliinua brashi, akaishusha. Mtoto alipokua akauliza, "Mama, huyu mzuri hivi ni nani?"

"Huyu ndiye aliyemla baba yako."

"Sasa mbona unamlilia?"

Pimbi akavunja kijiti chake, hakuchora tena. Ndiyo maana hata leo pimbi akikuona anakutazama kidogo tu, halafu huyoo, mbio, kabla hajakuona vizuri.

Hadithi imegonga ukuta, haina njia tena. Mwenye kuitaka aibebe, mimi mikono yangu imechoka. Mnataka funzo? Funzo lake ni hili: mtu akitaka kukuchora, kula kwanza. Basi, hilo tu.

Wewe mwenye muhogo, mbona umeacha kutafuna? Kula, mwanangu. Kula.