Vinywa Juu ya Maji

Wapendwa, Neno tumeshalisoma. Sasa niwape kisa cha mama mmoja na bwawa lake. Jina lake msiniulize, maana mtaanza kumtafuta kijijini, na huenda mkamkuta ameketi kwenye benchi lenu hapo.

Alikuwa mjane, mkazi wa mteremkoni, huko ambako maji hushuka mlimani kwa mfereji na kila nyumba ina siku yake ya kuyafungulia. Mumewe alimwachia bwawa la perege. Mwaka ule mama alikuwa na jambo moja tu moyoni. Binti yake, kitindamimba, alikuwa anaolewa, naye alishaahidi mbele ya wakwe kwamba wageni watakula samaki wa bwawa la marehemu. Hakutaka nyama ya kununua. Alitaka baba awalishe wageni wa bintiye ingawa hayupo. Mnauona uzito wa ahadi hiyo?

Basi akaanza kuwanenepesha. Akatia samadi ya ng'ombe asubuhi na pumba jioni, mpaka maji yakawa kijani kama mlenda. Bwana samaki, yule mtaalamu wa ufugaji, alipopita alimfundisha: zamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, na usipoviona vidole vyako, ujue maji yamezidi, acha kulisha, fungulia maji mapya. Mama aliitikia vizuri sana, kama tunavyoitikia sisi hapa kila Jumapili. Alipobaki peke yake akajiambia kwamba mwenye akili hamwagi mchuzi ulioiva. Akaziba mlango wa maji kwa udongo, na zamu yake ya mfereji, siku ya Jumatano, akampa shemeji yake, mdogo wa marehemu, amwagilie maharage.

Wiki tatu kabla ya harusi alikwenda bwawani alfajiri, akakuta perege wote wako juu, vinywa wazi, wanapapia uso wa maji. Akasogea ukingoni, hawakukimbia. Nani kati yenu amewahi kuona samaki asiyekimbia kivuli cha mtu? Mama aliona ni mapenzi. Akafurahi, akasema wamemjua mlezi wao, akarudi ndani kuchota pumba akawamwagia. Jua lilipopanda, samaki wakazama. Akasema wameshiba.

Kesho yake ikawa vilevile, naye akaongeza pumba. Siku hiyo shemeji alikuwa akipita na jembe lake, akasimama kutazama. Aliona hata konokono wamepanda juu ya vijiti, wameyakimbia maji.

"Shemeji," alisema, "hawa hawana njaa. Wanakosa pumzi."

Akamweleza kwamba ule ukijani hutoa pumzi mchana jua likiwaka, lakini usiku nao huivuta, na pumba zinazooza chini huivuta pia, mpaka kukicha samaki hawana chao. Akamsihi achukue tena Jumatano yake. Mama alicheka.

"Tangu lini samaki akafa maji, shemeji? Sema unataka unono wa maji yangu ushuke kwenye maharage yako huko chini."

Shemeji alibeba jembe lake akaenda.

Kisha mlima ukavaa wingu. Siku mbili jua halikuonekana, na samaki hawakuzama tena, asubuhi wala mchana. Mama aliwamwagia pumba, hawakuzigusa. Hapo ndipo hofu ilipomwingia.

Asubuhi ya tatu aliwasikia kabla hajawaona. Vyura wote walikuwa kimya, na katika ukimya ule kulikuwa na sauti ya vinywa tu, mamia ya vinywa, kama chungu cha uji kinachotokota. Maji yalinuka mayai viza. Akapiga magoti, akazamisha mkono, na vidole vyake vikapotea maji hayajafika hata kwenye kifundo cha mkono. Mkono wake mwenyewe, na hauoni.

Alikimbia kwa shemeji bila viatu. Siku hiyo zamu ya mfereji ilikuwa ya shemeji, naye hakumkumbusha lile neno la maharage. Alikata maji ya shamba lake, akabomoa ule udongo wa mlango, akayageuzia bwawani. Samaki wadogo walikimbilia pale maji yanapoingia, wakapona. Lakini wale wakubwa, wa harusi, walikuwa wameshageuza matumbo juu. Mwili mkubwa unataka pumzi nyingi, kwa hiyo wakubwa ndio hutangulia kufa.

Mama aliketi ukingoni, akalia. Akasema laiti samaki wangekuwa na uwezo wa kusema.

"Walisema, shemeji," alijibu yule ndugu, kwa upole. "Kila asubuhi walikwambia. Ukawatupia pumba."

Harusini wageni walikula maharage.

Sasa sisi. Msimcheke mama yule. Tuna watu nyumbani ambao kila asubuhi wanapanda juu kama wale perege. Mtoto anakaa jikoni bila sababu, anakutazama, nasi tunamnunulia viatu. Mke anaanza sentensi na haimalizi, nasi tunaleta kilo ya nyama. Mchana wanacheka na wageni, tunasema wameshiba. Na je, siku wingu likikaa? Na tusijidanganye kwamba huyu ni mkubwa, ana nguvu, atavumilia. Mmesikia ni nani hutangulia.

Mimi naogopa, wapendwa. Nasema wazi mbele yenu, naogopa. Leo asubuhi nikitoka kuja hapa kuwahubiria, mwanangu mkubwa alisimama mlangoni. Alifungua kinywa. Nikamwambia chai iko mezani.

Tusimame tuombe, kwa ufupi. Nataka kuwahi nyumbani.