Shamba la Duara la Gedalya

Torati ilimtaka kila mkulima awaachie maskini pembe ya shamba lake bila kuivuna. Gedalya, tajiri bahili kuliko wote kijijini, akapanda ngano yake kwa duara ndani ya kiwanja cha mraba.

Siku ya mavuno akaja Tirza, mjane, na kikapu chake.

"Nionyeshe pembe, uchukue," Gedalya alimcheka mbele ya wazee.

"Kwani umezipeleka wapi, bwana?"

"Zote nne nimeziacha nje ya ngano yangu. Sina haja nazo!"

"Wazee, mmesikia," alisema Tirza, akaenda kwenye pembe moja ya kiwanja akaanza kung'oa.

"Unachuma magugu?"

"Dengu, bwana. Nilizipanda katika pembe zote nne siku uliyopanda ngano. Torati ilikudai pembe moja tu. Mungu akulipe kwa hizo tatu."