Kilichozikwa kwenye Goli la Kishindo

Hapo zamani za kale, zamani za kweli, si zile za babu yako anazoziongezea chumvi, wanyama wa bonde la Mkwaju walikuwa na klabu ya mpira. Iliitwa Kishindo. Kaeni vizuri. Shule mimi niliiacha mapema, ila kwa hadithi hii hakuna mwalimu wa kunikosoa, na wewe mwenye kamasi hapo mbele usijaribu.

Mwenyekiti wa Kishindo alikuwa Kiboko. Timu ikishinda, karamu. Ikifungwa, karamu ya kujiliwaza. Nyama yote ilikopwa kwa Bwana Fisi. Basi klabu ikafilisika, chali, miguu juu, na Kiboko akazama mtoni akabakiza matundu ya pua tu. Wazee wakaamua uwanja uwe wa Fisi, deni liishe.

Fisi akatia komeo langoni. Akatangaza kwamba pale pataanikwa ngozi, na kote atazungushia ua wa miiba.

Watoto wakahamia mahali pengine pekee palipo tambarare: ukingoni mwa mto, nyumbani kwa Mamba. Siku hiyohiyo mpira ukadumbukia, chubwi, na mtoto wa Nguchiro akaufuata. Alirudi na mpira. Ncha ya mkia haikurudi.

Huyu Nguchiro mzazi alikuwa kipa wa akiba wa Kishindo, mdogo kama kandambili, mkia unakaribia kuwa mrefu kuliko mwili. Majirani wakataka waende wote wakamwangukie Fisi miguuni, maana mara nyingine Mamba hataridhika na ncha. Nguchiro akawakataza. Fisi haamini mtu, alisema, na mkimwomba atajiuliza mnaficha nini. Na kweli. Fisi ukimwambia mvua inanyesha, anatoka nje kuhakikisha, analowa chapachapa, kisha anasema ni wewe uliyemmwagia maji.

"Mtu wa hivyo hadanganywi kwa uongo," Nguchiro akasema. "Uongo ameuzoea. Nitampiga kwa ukweli mtupu."

Asubuhi Fisi alikuja na Nyati, aliyemkodi kuchimba mashimo ya nguzo za ua. Wakamkuta Nguchiro ameshapenya chini ya lango, anavuka uwanja. Alipofika golini hakukatiza. Alizunguka mbali, kwa ncha za vidole, nyatu nyatu, kisha akaendelea na safari yake kama kawaida.

Masikio ya Fisi yakasimama. "Wewe, mbona umezunguka hapo?"

"Nimezunguka tu, Bwana Fisi."

"Mmezika nini golini?"

"Hatujazika kitu. Chimba uone."

Sasa, kila mpenda mpira bondeni alijua kwamba timu zina kamati ya ufundi, wale wazee wanaozika hirizi golini ili mpira wa wapinzani usiingie. Tena alijua kwamba mzikaji ukimuuliza, jibu lake ni moja: hakuna kitu. Fisi akamkazia macho Nguchiro. Akamkazia Nyati. Akamuuliza Nyati kama naye yumo.

Nyati akasema yeye alikodiwa kuchimba udongo, kuhusu hirizi za wazee hawakupatana. Akalaza jembe chini.

"Chimba," Fisi akasema.

"Chimba wewe, uwanja ni wako."

"Kwa nini unataka nichimbe mimi?"

Ikawa ni hivyo. Madume mawili makubwa, pembe huku, meno kule, yanalizunguka goli yakichunguzana hadi jua likawa utosini. Nguchiro alikwenda zake nyumbani. Hakuna aliyechimba hata shimo la panya.

Mchana Fisi akala mzoga wa punda aliokuwa ameuhifadhi, umevimba kama ngoma. Jioni tumbo likaanza, guru guru guru. Nyinyi mnajua ni punda. Mimi najua ni punda. Nzi wote walijua ni punda. Fisi akasema ni goli.

Akajikokota hadi kwa Nguchiro, akamkuta anamfunga mwanawe mkia kwa kipande cha jani la mgomba.

"Kitoe ulichozika."

"Sijazika kitu, Bwana Fisi. Kwani leo umekula nini?"

"Usinibadilishie mazungumzo. Mbona nyinyi hamuumwi?"

Nguchiro akakaza kwanza fundo la mwisho. "Ninachojua mimi, watoto walikuwa wakicheza pale kila jioni, na hakuna aliyeugua tumbo. Tangu uwafungie lango, mwanangu ndiye wa kwanza kuumia."

Yote yalikuwa ya kweli. Fisi akayapindua huku na huku kutafuta uongo, akaukosa, akatengeneza wake. Akajiambia kwamba kile kitu lazima kinatulizwa kwa kukanyagwa na watoto. Ndiyo maana hakuna hata mmoja aliyekuja kuomba wafunguliwe. Wanangoja nife, akawaza, wauchukue uwanja.

Kulipokucha, komeo lilikuwa limeng'olewa, na Fisi mwenyewe yuko langoni anawaita watoto. Wakaingia, wakacheza, wakatimua vumbi. Jioni punda naye akawa amemaliza safari yake tumboni. Fisi akaona dawa imekubali, akaapa mbele ya wazee kwamba lango halitafungwa tena.

Siku za mvua, watoto wakichelewa, yeye na Nyati waliingia wenyewe, kinyumenyume kama waingiavyo waoga wa ndumba, wakalikanyaga goli, pu, pu, pu, ndimi nje.

Siku moja Fisi akamvuta Nguchiro pembeni. Akambembeleza kwamba yaliyopita yamepita na lango liko wazi. Ila amwambie, baina yao tu, mle golini mna nini hasa?

"Hamna kitu, Bwana Fisi."

Fisi akamgeukia Nyati, aliyekuwa ametega sikio nyuma yao, akamnong'oneza, "Umemsikia? Basi ni kikubwa."

Mpira wangu umeingia wavuni, anayebisha akachimbe: amshukuye kila mtu, ukweli humpiga chenga.