Gari la Mmoja, Mwendo wa Ukoo

"Gari la mmoja, mwendo wa ukoo." Mmeisikia jana kwa fundi wa magari, mkacheka, na sasa mnataka kujua nani aliisema kwanza. Methali hii ilianzia Tukuyu, sebuleni kwa Mzee Ambwene, katikati ya ugomvi. Ugomvi wenyewe ulikuwa umeshakolea, hata binti wa bima, Lusekelo, aliyekuja na fomu, alikuwa ameweka kikombe chake cha chai chini akisubiri upite.

"Elfu sita," alisema Ambwene. "Nimepiga hesabu mara mbili."

"Piga na ya tatu, Baba Atupele," alisema mkewe, Subilaga. "Ukimaliza, kaliulize gari kama linakubali."

Ambwene hakuzoea kuambiwa arudie hesabu. Kwa miaka thelathini alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, na hakuna mkulima aliyewahi kumshika kwa kosa hata la nusu kilo. Sasa alikuwa amestaafu, ana duka la pembejeo mjini na Noah moja nyeupe aliyoiosha mwenyewe kila Jumamosi. Alijua umbali wa kutoka nyumbani hadi dukani, dukani hadi ghalani, na nyumbani hadi kanisani. Alizidisha kwa siku, akazidisha kwa majuma, akaongeza kidogo kwa ajili ya dharura. Jibu lilikuwa kilomita elfu sita kwa mwaka. Hakuwa anadanganya, na kilichomuuma ni kwamba mkewe alikuwa anamtazama kama mwongo.

Chama cha ushirika walichokatia bima kubwa kilikuwa na utaratibu wake. Mwenye gari anakadiria kilomita atakazotembea kwa mwaka. Gari linalotembea kidogo hukutana na balaa chache, kwa hiyo hulipiwa kidogo. Anayeandika chini ya elfu nane analipa ada ya chini. Anayezidisha hapo anapanda ngazi. Bima ya Ambwene ilikuwa inakwisha siku hiyo.

"Hebu mwambie," Subilaga alimgeukia Lusekelo. "Mtu akikosea makadirio anafanywa nini?"

"Akikosea kidogo hatumsumbui, mama. Ila akipitisha sana, halafu apate ajali, chama kinalipa nusu ya matengenezo. Mwezi uliopita kuna mzee wa huku chini kagonga ng'ombe. Aliandika elfu tano, gari lilikuwa limekwenda kumi na moja. Mpaka leo liko kwa fundi, halina uso."

"Huyo alidanganya," alisema Ambwene.

"Naye anasema hakudanganya, mzee."

Subilaga akatoa kipande cha karatasi. Asubuhi hiyo alikuwa amekwenda kusoma kilomita kwenye dashibodi, akatoa zile zilizoandikwa kwenye fomu ya mwaka uliopita. "Elfu kumi na tatu na mia nne," alisoma. "Kwa mwaka mmoja."

Ambwene alichukua karatasi, akaikagua mbele na nyuma. Kutoa kulikuwa sahihi. "Basi fundi ameliendesha bila ruhusa," alisema. "Au mashine yenyewe imeharibika."

"Fundi wa watu ana kosa gani? Januari uliwapeleka washenga wa mpwa wako Anyosisye Chunya kupeleka posa, wakasahau mkeka wa posa, mkarudi kuuchukua. Mama yangu umempeleka kliniki Mbeya kila baada ya wiki mbili, tangu Februari mpaka Julai. Kwaya umeibeba. Kabati la bi harusi umelibeba. Niendelee?"

"Hizo si safari zangu. Hizo ni za watu."

"Na matairi yanajua hilo?"

Lusekelo aliinamia fomu ili asionekane anacheka. Ambwene alimwona. Alisimama, akavuta pumzi, akatoa hukumu: kuanzia siku hiyo Noah ingekwenda dukani, ghalani na kanisani. Atakayetaka kwenda kwingine apande basi. Elfu sita ibaki elfu sita, na atatia sahihi sasa hivi.

"Sawa, mzee," alisema Lusekelo. "Nipige tu picha ya dashibodi, utie sahihi."

Wakatoka nje wote watatu. Ndani ya Noah mlikuwa na watu.

Kwenye kiti cha mbele alikaa Tumpale, dada mkubwa wa Ambwene, yule aliyemlea, amejifunga khanga ya msibani na mkoba mapajani. Nyuma yake walikaa wanawake wawili wa ukoo, na nyuma yao kulikuwa na mkungu wa ndizi, godoro lililokunjwa na sufuria kubwa mbili.

"Dada," alisema Ambwene. "Mnakwenda wapi?"

"Kyela. Binamu yetu Mwakatobe amefiwa na mkewe alfajiri."

"Mbona hamkuingia ndani kusema?"

"Tulikuta mnagombana. Tukaona si adabu kuwaingilia." Akamtazama Lusekelo. "Hujambo, binti."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ambwene, chukua shati la kubadilisha, kule tutalala."

Ambwene alishika mlango wa gari. Habari ya kifo ilikuwa imemgusa, lakini hukumu yake ilikuwa haijamaliza hata dakika tano, na mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, uso umejaa ushindi. Akamweleza dada yake yote: fomu, ada, nusu ya matengenezo, elfu sita. "Gari ni langu, dada," alimaliza. "Ni lazima nilipangie."

"Nani kasema si lako?" Tumpale alijibu. "Kadi ina jina lako. Matairi unanunua wewe, kuosha unaosha wewe. Hatuligombanii. Ila mwendo, mdogo wangu, lini ulikuwa wako? Ulipovunjika mguu pale kituoni, ulifikaje Mbeya?"

Ambwene aliutazama mguu wake. Alifika kwa pikapu ya Mwakatobe, amelazwa juu ya magunia, na Mwakatobe alishuka mara nne njiani kumwekea mguu vizuri. Akampeleka na kumrudisha mpaka plasta ilipotolewa.

"Zile kilomita aliziandika wapi?" aliuliza Tumpale.

Mmoja wa wanawake wa nyuma akakohoa. "Na mafuta ya leo tumechanga, kaka. Usidhani tumekaa bure."

Hapo Ambwene aliliona kosa lake, na lilikuwa kosa la kumwaibisha karani. Alikuwa amepima mzigo wake peke yake, wakati juu ya mizani wamesimama watu wote. Akachukua fomu mkononi mwa Lusekelo, akailaza juu ya boneti, akaandika: kilomita elfu kumi na nne.

"Ada itapanda, mzee," alisema Lusekelo.

"Ipande. Leo nakwenda Kyela na watu wanne. Nikigonga ng'ombe nataka gari lote litengenezwe, si nusu." Akaingia ndani, akatoka na ada kamili na shati la kubadilisha. Lusekelo akainama juu ya mapaja ya Tumpale, akapiga picha ya dashibodi, akampa stakabadhi. Subilaga, ambaye tayari alikuwa na khanga begani, akawaambia wa nyuma wasogee. Noah ikatoka.

Lusekelo akaendelea na kazi yake. Nyumba iliyofuata alimkuta mwalimu mmoja ameshajaza fomu: kilomita elfu tano, kazini na kurudi.

"Mwalimu, una ndugu?" aliuliza.

"Ninao wengi. Kwani nao wanakatiwa bima?"

"Hapana. Nimetoka kufundishwa sasa hivi: gari la mmoja, mwendo wa ukoo."

Mwalimu alianza kuhesabu ndugu zake kwa vidole. Kisha akaifuta elfu tano.