Pimbi Aliyeziba Majeraha ya Jabali

Paukwa!
— Pakawa!
Jabali lilikunjwa?
— Likakunjika!
Likavunjwa?
— Likakataa!

Haya wanangu, fumbeni macho. Oneni ukingo wa mto, na jabali la mawe ya chokaa limeinamia maji. Matabaka yake yamepinda kama mkeka uliokunjwa na mtu mwenye haraka. Limejaa matundu: madogo ya kupita mjusi, makubwa ya kulala chui. Mmeliona? Basi fumbueni.

Hapo kale, Bi Pimbi aliishi katika tundu la jabali hilo na watoto wake watatu, wadogo wasioweza bado kupanda mawe.

Siku moja Mto akasema, "Wee Jabali, ondoka nipite!"

"Sitoki! Milima ilinibana nikakunjika, sikuvunjika. Utaniweza wewe, mbeba matope?"

Mto akaanza kumlamba. Akalamba masika, akalamba vuli, akalamba masika tena. Jabali akazidi kutoboka.

Bi Pimbi akamwonea huruma. "Pole, babu. Majeraha gani haya!" Kila asubuhi akayaziba kwa majani na udongo.

"Unanisonga, mjukuu wangu," Jabali akanung'unika.

"Tulia, babu. Mganga hajigangi, sembuse mgonjwa!"

Mvua kubwa ikanyesha. Mto akafura, akafika magotini pa Jabali. "Toka!"

"Sitoki!"

Akafika kiunoni. "Toka!"

"Sitoki!"

Akafika mlangoni pa Bi Pimbi. "Basi toka wewe, Pimbi, kabla sijawabeba wanao!"

Watoto wakalia. Atoke nao vipi, na kupanda hawajui? Bi Pimbi akatazama huku na huku. Akaona tundu moja lililozibuka. Maji yaliingia humo, gudu, gudu, gudu, wala hayakurudi.

"Lo! Kumbe hili si jeraha, ni mdomo! Babu, nisamehe. Kunywa!"

Akaruka, akazibua la kwanza kwa meno. Akazibua la pili. Akazibua la tatu, na yote yaliyobaki. Jabali akanywa, gudu, gudu, gudu! Mto akashuka kiunoni, akashuka magotini, akarudi chini alikotoka.

"Mmenimeza!" akalia Mto.

"Matundu umetoboa mwenyewe," Bi Pimbi akamjibu, maji yakimchuruzika masharubuni. "Nani alikutuma? Nami sitoki!"

Mto akapinda, akapitia kando kwa aibu. Ndiyo maana hapo pana kona, na nyuma ya Jabali, yanakotokea maji aliyoyameza, pana chemchemi baridi.

Mnaona? Kukunjwa si kuvunjwa, na tundu alilokutoboa adui laweza kuwa mdomo wa kummezea.

Mimi nilikwenda kuomba maji pale, Jabali akasema bado ana kiu. Nimerudi na koo kavu. Aliye na chai asinifiche.

Ngano yangu imeingia tunduni, anayeipenda aifuate. Nanyi wanangu, nawaombeni mkumbuke jambo moja tu: kabla hujaziba tundu la mwenzio, muulize kwanza linamfaa nini.